Tupeane uzoefu: chuma cha spidi Japani bei chee, kikifika Tanga kinakuwa ndoto

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu habari za jioni. Jana nimekaa Raskazone napunga upepo ikapita Mitsubishi Evo nyeupe namba ya Kenya, mwenye nayo wala hakuwa na haraka, gia ya pili tu, ile sauti ya tabo (turbo) ikivuta pumzi nikaisikia mpaka kifuani. Nikaifuata kwa macho hadi ikapotelea kwenye kona. Nikarudi nyumbani nikashika simu nikaanza kutafuta bei mpaka saa nane usiku, Japani bei hii, Mombasa bei ile, kwetu ukiweka na kodi unafunga simu unalala. Gari ni ileile, kiwanda ni kilekile, bolti kwa bolti! Nani humu kashawahi kujaribu kuagiza gari ya spidi, Evo, Subaru STI, Toyota Altezza au Chaser, chochote, yakamkuta yapi? Mimi nimeumia kweli jana.

Boksa wa Ngamiani
Hiyo Evo na mimi nimeiona, sheli ya Chumbageni. Siku nzima nimekuwa na huzuni.

FundiTabo
Ngoja niwape hesabu maana vijana wanakuja gereji na bei ya mtandaoni ya Japani wanadhani ndio bei. Chukua gari ya dola 5,000 mpaka inashushwa bandarini, injini cc 1,994, umri umezidi miaka 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo 1,250, umefika 6,250. Kwenye hiyo 6,250 weka ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa kuwa injini haijavuka cc 2,000, ni 312. Weka na kodi ya uchakavu asilimia 30, ni 1,875. Halafu juu ya yote hayo VAT asilimia 18, hapo 1,500 na ushee. Jumla unakaribia dola 5,000 nyingine, bado ada ndogondogo, bado wakala, bado namba. Gari moja umeinunua mara mbili. Na ikivuka cc 2,000 ile asilimia 5 inakuwa 10, ndio maana mimi mtu akiniuliza namwambia Altezza yenye injini ya 3S, haivuki cc 2,000, kabla ya Mark X.

Mark X Damu
Fundi heshima yako lakini usiilinganishe Mark X na Altezza. 3.5 ile, injini ya 2GR, farasi 318 toka kiwandani, hiyo Altezza yako itaona taa za nyuma tu.

FundiTabo
318 za kwenye karatasi na giaboksi ya otomatiki mdogo wangu. Sisemi mbaya, nasema kodi. Soma vizuri.

Mchungwa_Muheza
Hii mada imenigusa pabaya. Nilijiapiza sitaisimulia lakini leo acha niseme.

Mimi nauza machungwa, msimu ukifika tunajaza Fuso hapa Muheza tunavuka Horohoro. Tangu niko darasa la sita nilikuwa na gari moja tu kichwani, Subaru Impreza GC8, ile ya zamani yenye boneti ya pua. Nikaweka hela miaka sita, sikujenga, sikuoa, mama akawa ananiuliza mwanangu una nini. 2019 nikapata moja mnadani Japani, STI ya 1999, bluu, kwenye karatasi ya mnada imeandikwa R, maana yake ilishagongwa ikatengenezwa, ndio maana bei ikawa ya kufikika. Mpaka inafika Dar nimetumia milioni 17. Binamu yangu akaniambia kodi huwa ni kama bei ya gari, basi nikatenga 15 nikaongeza 2 za kujikinga. Nikajiona nimemaliza.

Meli ikafika, wakala ananipigia, kodi 24. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, 24. Kumbe thamani inayotumika sio ya risiti yako, ni ile iliyoko kwenye mfumo wao wa kodi, na kwenye mfumo gari yangu ilikuwa na thamani kuliko niliyoinunulia, hakuna anayejua kwamba hii ni R, hakuna anayejua mlango umebadilishwa. Nimepungukiwa milioni 7. Machungwa hayajaiva. Nikazunguka Muheza nzima, Tanga, nikaenda kwa mjomba Korogwe, nikapata 2 na nusu. Huku siku za bandarini zinahesabu na kila siku ina bei yake.

Nikapanda basi nikaenda kuiona. Kijana mmoja pale akanionea huruma akanifungulia. Usukani umejaa vumbi la safari nikaufuta na mkono wa shati. Nikaiwasha. Jamani. Betri ilikuwa imechoka ikasuasua mara mbili halafu ikashika, ule mgurumo wa Subaru ukajaa kati ya makontena, nikaweka mkono kwenye gia inatetemeka. Dakika nne. Nikazima. Taa ya mbele kushoto ilikuwa na ufa mdogo kwa chini umekaa kama unywele, nikaupitisha kidole. Jioni yake nikamuuzia jamaa wa Dar palepale ilipokuwa, akanipa 14, akalipa kodi yeye akaondoka nayo. Sijawahi kuiendesha hata mita moja.

Boksa wa Ngamiani
Dah.

Binti Sahare
Pole sana kaka. Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Mgosi wa Lushoto
Pole mgosi lakini kosa la kwanza hapo ni kutoangalia kikokotoo cha kodi kabla ya kununua. Kipo mtandaoni, unaweka aina, mwaka, injini, kinakupa jibu. Mtu unatenga mamilioni kwa maneno ya binamu?

Mchungwa_Muheza
Nilikiangalia. GC8 haikuwemo, nikaweka Impreza ya kawaida. Hilo ndilo kosa langu na nimelilipia.

Binti Sahare
Mgosi wa Lushoto mtu ametoa donda lake wewe unamsahihishia hesabu. Kuna wakati wa kukaa kimya.

Mgosi wa Lushoto
Sijamtukana mtu. Mwingine akisoma ataokoka.

Mvita Damu
Niko Mombasa na hiyo Evo mwaisema huenda naijua. Msidhani huku kwetu ni peponi. Kenya gari ikipita miaka 8 haiingii kabisa, marufuku, hata uwe na pesa za kujaza gunia. Kwa hivyo GC8, Evo ya nane, ya tisa, zilizomo nchini ni zizo hizo zilizoingia zamani, hazizaliwi nyingine, na mwenye nayo ajua. Atakutajia bei ukae chini. Na hizo mpya za chini ya miaka 8 ushuru ni asilimia 35, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 25 injini ikipita cc 1,500, na VAT 16. Mie nawaonea nyinyi wivu, yenu angalau mwaweza kuleta ya 1999 mkalipa.

Kijana wa Barabara ya 12
Kumbe! Mimi nilidhani Wakenya ndio wanafaidi. Na Uganda?

Mvita Damu
Uganda mwisho miaka 15, tangu 2018.

Baharia Mstaafu
Vijana mnalia na Tanga, nimekaa baharini miaka 22 nikashuka Singapore mara nyingi tu. Kule kabla hujanunua gari unanunua kwanza karatasi ya ruhusa ya kuwa na gari, inapigwa mnada, inaishi miaka 10 tu. Mwaka 2023 hiyo karatasi ilipita dola laki moja za Singapore. Karatasi, sio gari! Corolla ya kawaida kule ni ya tajiri. Nilimuona mtu anafuta Civic Type R kwa kitambaa kama anafuta mtoto mchanga.

MtangaMuscat
Huku Oman ushuru wa forodha asilimia 5 na VAT 5, imekwisha. Vijana wadogo wanaendesha magari ambayo mkiyaona mtapiga kelele. Mimi mzaliwa wa Usagara nimeshamiliki mbili. Ila nikitaka kurudi nayo nyumbani usukani uko kushoto, na kodi inaanza upya kabisa kama vile sijawahi kulipa chochote. Nimeiuza nikaja likizo kwa ndege.

Boksa wa Ngamiani
Hivi Zanzibar si ndio jibu? Kodi kule nasikia nafuu, unanunua yenye namba Z, unavusha.

Mgosi wa Lushoto
Ukivusha bara unalipa ile tofauti ya kodi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Boksa wa Ngamiani
Nimeona zenye Z zinazunguka hapa mjini miezi.

FundiTabo
Na mimi nimeona zikikamatwa. Boksa usimpoteze mtu, aliyeumia tayari yupo humu anasoma.

Boksa wa Ngamiani
Basi nimekubali. Nilikuwa nauliza.

Nesi wa Birmingham
Niongezee la Uingereza. Toyota GR Yaris ilipotoka 2020, Japani toleo la RZ lilianzia yen 3,960,000, hapa ikaanzia pauni 29,995, ukibadilisha hela zinakaribiana kabisa. Nikafurahi nikasema hapa ndio mahali pa mpenzi wa magari. Nikaenda kuulizia bima. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21, bima ya mwaka waliyomtajia kwa gari ya aina hiyo ingenunua pikipiki mbili Tanga. Kununua unaweza, kuiweka barabarani ndio mtihani. Na Marekani hiyo Yaris hawakuuziwa kabisa, wakapewa GR Corolla, na wao wanalalamika.

Kijana wa Barabara ya 12
Mmarekani analalamika nini tena?

FundiTabo
Hao ndio waliotupandishia bei sisi. Kwao gari ambayo haikutengenezwa kwa soko lao ni ngumu kuingiza mpaka ifikishe miaka 25. Ikifika siku hiyo wanashuka Japani na dola wanakomba. Skyline GT-R R34 ilitoka 1999, zile za kwanza zimefikisha 2024, angalia bei ilivyoanza kupaa miaka kadhaa kabla maana watu walikuwa wananunua wanaziweka. GC8, Chaser, Supra, Evo za kwanza, zote hivyohivyo. Yen imeshuka, ungesema gari zitakuwa rahisi kwetu, lakini anayeshindana na wewe mnadani ni mtu wa Texas. Zamani nusu gari ya Altezza yenye injini na giaboksi nilikuwa naipata kwa hela ya kueleweka, leo naambiwa bei naomba mtu arudie.

Mark X Damu
Ndio nasema nunueni Mark X, Mmarekani bado hajaiona.

Mzee wa Pongwe
Wanangu, mimi ushauri wangu nunueni Probox mjenge. Barabara ya Segera tochi zimejaa, hamsini, hamsini, hamsini, hiyo spidi mtaitumia wapi.

Binti Sahare
Mzee shikamoo. Sio spidi tu mzee. Mimi nina Vitz RS, cc 1,500, gia za kukanyaga kilachi, nikitoka kazini Ijumaa naenda nayo mpaka Pongwe na kurudi, sipiti 80, lakini ile kubadilisha gia tatu kwenda nne dirisha liko wazi na harufu ya bahari, mimi huo ndio mshahara wangu. Kuna watu wanapenda mpira.

Mzee wa Pongwe
Marahaba binti. Nimekuelewa. Kumbe ni wewe ile nyekundu.

Mgosi wa Lushoto
Mimi naona anayetaka kweli asiagize, anunue iliyokwisha ingia, yenye namba D, imeshalipiwa kila kitu. Aende na fundi tu.

Mvita Damu
Na apime kompresheni ya injini, hizo Subaru za kupigwa sana huuzwa zimeoshwa zang'aa.

Boksa wa Ngamiani
Agiza mwenyewe. Ya mkononi unanunua matatizo ya mtu. Mimi ya mkononi ilinifia Mombo usiku wa manane.

FundiTabo
Mchungwa, samahani, nimerudi juu kusoma tena. Umesema bluu, ya 1999? Halafu ule mgurumo uliousikia, za zamani kama hiyo ndio zinao, mabomba ya ekzosi hayalingani urefu, nyingi za Japani za GDB, yaani Impreza zilizofuata baada ya GC8, walibadilisha tabo na mabomba sauti ikapotea. Naulizia kwa sababu wiki mbili kabla ya Ramadhani ilikuja gereji kwangu GC8 ya bluu, namba D, mwenye nayo mtu wa Moshi alikuwa anapita, kilachi kilimwishia Kange. Nilikaa nayo siku tatu.

Mchungwa_Muheza
Taa ya mbele kushoto.

FundiTabo
Chini, kama unywele. Nilitaka kumwambia aibadilishe akasema iache, aliinunua nayo hivyo.

Binti Sahare
Nimesimamisha gari pembeni kusoma.

FundiTabo
Injini nzima. Haivuji. Mlango wa kulia ndio uliobadilishwa, rangi imepishana kidogo ukiangalia juani. Namba yake ninayo, alisema mwezi ujao anarudi Tanga tumalizie breki.

Mchungwa_Muheza
Usimuulize bei fundi. Niambie tu siku anayokuja nipande basi la asubuhi.

Mvulana wa Duga
Wakuu samahani nimechelewa kuingia, hivi Vitz RS ya 2005 kodi yake kwa sasa inafika ngapi?