Nitajuaje kama jiwe hili lina dhahabu? Ramani ya jiolojia nayo imenishinda

Chembe77: Wakuu habari za jioni. Nina jiwe jeupe lenye punje za njano zinazometameta, limetoka Makongolosi, Chunya. Ramani ya jiolojia ya eneo hilo ninayo, ile ya GST Dodoma, taasisi ya jiolojia ya serikali, ila zile rangi na vialama vya herufi T sivielewi. Anayejua kutambua mawe na kusoma ramani anielekeze. Mwisho Ijumaa. Naomba kuwasilisha.

Mzee Kokoto: Haraka ya nini mkuu? Jiwe halina miguu.

Nyoka Mstaafu: Umenikumbusha Mirerani, kwenye tanzanite. Bosi anatulisha ugali maharage miezi, jiwe likitoka yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Jamaa yangu mmoja alificha la bluu shavuni, akawa anawajibu walinzi kwa kutikisa kichwa mpaka getini. Enzi hizo!

Jiolojia Tupu: Turudi kwenye mada. Chukua kigae, geuza upande wa nyuma usiong'aa, sugua punje. Ikiacha mstari wa njano, una matumaini. Mweusi wenye ukijani, hiyo ni pairaiti, inafanana na dhahabu kwa macho tu. Kisha igonge kwa nyundo: dhahabu inalala bapa, pairaiti inasagika. Ikibanduka tabaka tabaka kwa ukucha ni maika. Kwenye ramani, rangi ni aina ya mwamba, maelezo yake yako pembeni. Ile T, mstari mrefu unaonyesha tabaka limeelekea wapi, kifupi linainamia upande gani, namba ni nyuzi za mwinamo. Sasa, Ijumaa kuna nini?

Chembe77: Asante sana mkuu. Kuna mtu ananiuzia hisa kwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu. Ijumaa namalizia.

Mama Wawili: UNAMALIZIA? Kumbe ulishaanza!

Chembe77: Nilitoa kishika uchumba milioni mbili. Ni ya ada, ila shule zinafunguliwa mwezi ujao, mpaka hapo mzigo wa kwanza utakuwa umepita karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Jamaa si mtu baki, ni shemeji wa rafiki yangu. Halafu kwenye ramani eneo lina rangi ileile ya migodi ya jirani, kwa hiyo kitaalamu liko sawa.

Mama Wawili: Ada ya watoto unaifukia shimoni. Mama yao anajua? Wanaume mtatuua kwa presha.

Jiolojia Tupu: Ramani ya 1:100,000, sentimita moja ni kilomita moja. Duara lako hapo halifikii hata nukta ya kalamu. Rangi inakwambia mwamba ni granaiti, haikwambii kama mkanda wa kwazi, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, umepita chini ya miguu yako. Na Chunya watu wanachimba tangu miaka ya 1920, usidhani mmefika wa kwanza. Kigae kimesemaje?

Chembe77: Mstari ni mweusi kidogo. Ila kigae chenyewe kilikuwa kichafu.

Kandambili: 😂😂 Kigae kikamatwe.

Pilato: Wakuu mnanyweshwa chai. Jina hilihili mwezi uliopita lilikuwa jukwaa la biashara likitafuta "wawekezaji makini, duara Chunya". Huyu ni dalali, anajifanya kulia ili muulize liko wapi.

Chembe77: Ule uzi niliuweka kwa niaba ya shemeji. Nilikuwa nampiga tafu tu.

Mzee Kokoto: Mpiga tafu, leseni ya duara ina jina la nani?

Kandambili: Mimi chai huwa nakunywa. Hisa moja bei gani? Nimekuja PM.

Jiolojia Tupu: Kandambili, rudi. Chembe, kama kweli upo, shuka mwenyewe, chukua sampuli kwa mkono wako, peleka maabara kabla ya kutoa hata mia. Hata hiyo pairaiti usiitupe, wakati mwingine dhahabu hujificha ndani yake na jicho halioni.

Chembe77: Kushuka wamekataa, wanasema mgeni anaondoa bahati ya duara. Ila umesema pairaiti inaweza kuwa na dhahabu ndani? Si ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.