Tumechangishana hela ya safari ya darasa Ujerumani, mtoto kafika Bremen kakatazwa kuingia jumba lililokaa fuvu la Mkwawa

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, na mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la utalii maana hapa hatuzungumzii utalii.

Mdogo wangu wa kike yuko Ujerumani ya kaskazini, anasoma mwaka wa maandalizi ya lugha kabla hajaanza chuo. Jina la shule naliweka kapuni kwa sasa kwasababu bado tunaandikiana nao. Kwenye masomo yao kuna safari ya darasa ambayo ni lazima kila mwanafunzi aende, wenyewe wameiandika safari ya mafunzo kwenye miji ya kihistoria, yaani Lübeck, Hamburg na Bremen, na hela yake unalipa pembeni mbali na ada. Kwa hela yetu ilikuja laki tisa na ushee. Wapo ambao kwao hiyo sio hela ya kuwanyima usingizi, sisi huku Iringa imetoka kwenye mbao na mahindi, mimi nimeachia mzigo wangu Mafinga kwa bei ya hasara, baba mdogo kauza magunia aliyokuwa ameyaweka asubiri bei ipande, bibi naye akatoa alichokuwa nacho kafunga kwenye khanga. Na hakuna aliyenung'unika hata mmoja, sababu tuliona jina Bremen kwenye ile ratiba.

Sisi kwetu ni Kalenga, kama kilometa 15 hivi toka Iringa mjini. Wengi mmesoma shuleni kwamba Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo 1891 na kamanda wao Zelewski akafia palepale, alafu Oktoba 1894 wakarudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga, chifu wao Mkwawa akaendelea kupambana porini mpaka 1898 alipojipiga risasi mwenyewe kuliko akamatwe. Wajerumani wakakata kichwa, kikapelekwa kwao. Baada ya vita kuu ya kwanza mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika kabisa, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, ikapita miaka, hakikuja kitu. Mpaka 1953 Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alipoenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akaoneshwa mafuvu kibao yamepangwa, akachagua moja kwa vipimo na kwa tundu la risasi, na 1954 likarudishwa Kalenga mikononi mwa Chifu Adam Sapi, huyuhuyu aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Najua watakuja wa kusema fuvu lile sio lenyewe, huo mjadala upo miaka yote fungueni uzi wenu. Awe yeye au asiwe yeye, mafuvu ya watu wetu yalikuwa kwenye jumba lile, na hilo halibishaniwi.

Bibi yetu siku ile ya 1954 alikuwepo pale Kalenga, binti mdogo kashikwa mkono na mama yake. Aliposikia mjukuu anaenda Bremen alimpigia simu akamwambia, mwanangu ukifika kaangalie nyumba waliyomweka, uje uniambie kama alikuwa gizani au alikuwa mahali penye mwanga. Hilo tu. Hakuomba zawadi, hakuomba koti.

Sasa sikilizeni safari yenyewe.

Lübeck sina ugomvi nayo, wakaoneshwa lile lango la zamani la Holstentor, wakapitishwa duka la marzipani, basi. Hamburg wakapandishwa boti wakazungushwa kwenye maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt, mtembeza wageni anaeleza kahawa ilikaa hapa, viungo vilikaa hapa, mazulia hapa, wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa hodari sana. Pembe za ndovu hakutaja. Meli za kampuni ya Woermann ya hapohapo Hamburg zilizokuwa zinakuja huku kwetu hakutaja. Na ni Hamburg hiyohiyo iliyopelekewa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani wa huku kwetu, ile iliyosimamishwa Dar es Salaam 1909, ikaenda kuwekwa chuo kikuu chao 1922 na ikasimama pale mpaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe walipoiangusha kwa kamba. Hiyo ndio historia ya kumwambia mtoto aliyetoka Tanzania! Dogo akanyoosha mkono akauliza, akajibiwa leo tuko kwenye mada ya biashara.

Bremen sasa ndio ilinifanya nisilale. Kwa wasiofika, makumbusho yenyewe, Übersee-Museum, yapo uwanja wa mbele wa stesheni kuu ya treni, yaani unatoka mlangoni jumba hilo hapo pembeni yako. Na nyuma ya stesheni kuna tembo mkubwa wa matofali, urefu kama mita 10, walimjenga kusifia makoloni yao, alizinduliwa 1932, na 1990 mji wenyewe ukambadilisha kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Vyote viwili viko kwenye miguu ya mtu aliyeshuka kwenye treni. Darasa likashuka, likapita mbele ya jumba moja kwa moja kuelekea mjini. Dogo akamfuata mwalimu akamweleza vizuri kwa adabu, mwalimu mimi natoka sehemu fulani, kuna jambo letu humu ndani, naomba tuingie hata kwa muda mfupi. Jibu, haimo kwenye programu na kiingilio hakikulipiwa. Akasema nitalipa mwenyewe. Jibu, mwanafunzi haruhusiwi kuachana na kundi.

Sawa, tuseme sheria ni sheria. Wakaenda uwanja wa mji wakaoneshwa ukumbi wa jiji na sanamu ya Roland ya 1404, wakapelekwa kwenye sanamu ya wale wanyama wa kwenye hadithi, punda, mbwa, paka na jogoo, wakapanga foleni kila mtu ashike miguu ya punda apate bahati. Ile sanamu imewekwa 1953. Wakuu, 1953! Mwaka uleule Twining yuko mji huohuo anapekua mafuvu. Mtembeza wageni kaisimulia hadithi ya punda kwa urefu wake wote.

Alafu, hapa ndipo damu inapochemka, wakapewa saa mbili za muda huru wa kununua vitu kwenye vichochoro vya Schnoor. SAA MBILI. Kumbe muda upo! Kumbe kuachana na kundi kunawezekana, ili mradi unaenda kununua. Dogo akarudi tena kwa mwalimu, toka pale uwanjani mpaka kule stesheni ni mwendo wa robo saa kwa miguu, akakataliwa tena, eti lazima wawe eneo la mji mkongwe. Akakaa kwenye benchi akalia, wenzake wakadhani ana homa.

Kuna mtu atasema humu si angetoroka tu. Mtoto yupo kwa visa ya masomo, mahudhurio yanaandikwa, anaogopa barua moja tu ya utovu wa nidhamu imharibie kila kitu, na kwa hilo simlaumu hata kidogo. Mwingine atasema aende wikiendi kwa nauli yake. Ataenda, tunaitafuta hiyo nauli. Lakini ile laki tisa ilikuwa ya nini?

Nimewaandikia shule kwa Kiingereza changu hikihiki. Wamejibu kwamba safari inahusu miji ya enzi za kati na ukoloni ni mada nyingine. Uongo. Hamburg hiyohiyo walisimamishwa kwenye magofu ya kanisa la Mtakatifu Nikolai wakaelezwa mabomu ya 1943, tena kwa heshima na ukimya, na ndivyo inavyotakiwa. Kwahiyo enzi za kati zinaweza kufika mpaka 1943 wakifa watu wao, ila haziwezi kufika 1898. Na Rais wao Steinmeier alikuja hapa Songea Novemba 2023, akasimama mbele ya familia za mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha, akaahidi kwamba ataondoka na simulizi hizi ili Wajerumani wengi zaidi wazijue. Rais anaahidi Songea, mwalimu anakataa Bremen. Darasa lile lina watoto wa nchi nyingi, na wa kutoka huku yuko mmoja, huyo mmoja ndio angewafundisha wote somo ambalo mtembeza wageni hana.

Jioni yake dogo kapiga vidio, bibi kasogezewa simu. Akauliza, umepaona? Dogo akasema bibi, hawakuniruhusu. Bibi akarudisha simu akainuka akaenda jikoni. Mimi nikabaki naangalia mtoto analia Ujerumani na siwezi kumfanya chochote.

Nimewaandikia tena, madai yangu ni haya, warudishe sehemu ya hela ya siku ya Bremen, au wamgharamie nauli na kiingilio aende siku nyingine na wamwandikie ruhusa, na waombe radhi kwa maandishi tumsomee bibi. Wazazi wa Iringa, Mbeya, Njombe, Songea, mkiletewa karatasi ya safari ya namna hii msilipe kabla hamjaona ratiba ya saa kwa saa, na mtoto aombe kwa barua mapema, akiombea stesheni watamfanya kama wa kwetu.

Kama kuna mtu humu yupo Bremen au anafahamu kikundi cha Watanzania kule wanaoweza kumpokea dogo na kumwingiza mle ndani, aje PM leo leo. Na mwanasheria au yeyote anayejua haki za mwanafunzi wa kigeni Ujerumani anisaidie barua ya tatu iandikwe kwa Kijerumani, hizi mbili za Kiingereza naona wanazichukulia poa.