Naomba ushauri: neno "run" la Kiingereza nilisomeje?

Wakuu, habari zenu. Najifunza Kiingereza mwenyewe na nimekwama kwenye "run". Kukimbia ndiyo maana ya kwanza kufundishwa. Ukiendelea kusoma unakuta pua nayo ina-run, maana yake inatoa kamasi. Mwenye kampuni ana-run kampuni yake, yaani anaiendesha. Mwanasiasa ana-run, anagombea. Rangi ya nguo ina-run, inachuja. Bado "run out", kuishiwa, na "run into", ambayo ni kukutana na mtu bila kutarajia au kumgonga na gari (hapo muktadha ndio mwokozi).

Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ililipa neno "set" ubingwa wa kuwa na maana nyingi kuliko yote, 430. Wahariri walipoipitia upya herufi R, kitenzi "run" kikafikisha 645. Nani atakariri hizo?

Visawe ndivyo vinanichosha zaidi. "Manage" inakaa kwenye kampuni, haikai kwenye pua. "Flow" ni ya mto, "operate" ya mashine, "sprint" ya mbio fupi za kasi. Kamusi ya visawe inavimwaga vyote pamoja bila kusema kipi kinaenda wapi.

Mliopita njia hii, mlikariri neno pamoja na jirani zake, mfano "run a business", au mlishika wazo moja la msingi, kitu kinachosonga mfululizo, mengine mkakisia? Mimi naelemea la kwanza, ingawa ni la polepole. Na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inamfaa anayeanza, au nibaki na ya Kiswahili kwanza?