Ufunguo mmoja kwa programu zote za kazini: tuukubali au tuukatae?

Mleta mada:
Wadau wa Mwanza, nauliza nikiwa na msimamo tayari: mimi nauunga mkono.

Kiwanda ninachofanyia kazi kinachakata sangara. Watu wa mzani wana programu ya kupokelea samaki, stoo ya baridi ina yake, uhasibu una yake, na mishahara iko kwingine kabisa. Programu nne, nywila nne. Nywila ya mzani imeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani, na zamu ya usiku inaingia kwa jina la mtu wa mchana. Kilo zikipungua, kumbukumbu zinamtaja mtu ambaye saa hiyo alikuwa amelala kwake Igoma. Nimemwona mwenzangu akihojiwa kwa namna hiyo. Inauma.

Uongozi sasa unataka mfumo wa kuingia mara moja: unajitambulisha sehemu moja, programu zote zinakufungulia. Waliopinga kikaoni walisema mwizi akiupata ufunguo huo, amepata nyumba nzima.

Naielewa hofu yao, ila tuangalie unavyofanya kazi. Ukifungua programu ya stoo, yenyewe haikuulizi nywila. Inakupeleka kwenye mfumo wa utambulisho, huko ndiko unakoweka nywila na kuthibitisha mara ya pili kwa simu. Kisha stoo inapokea ujumbe wenye saini ya kidijitali: huyu ni fulani, nimemhakiki, na ujumbe huu unaisha muda baada ya dakika chache. Si kitu cha majaribio. Kati ya taratibu za kupeleka ujumbe huo, SAML 2.0 ipo tangu 2005, na OpenID Connect tangu 2014. Nywila inakaa mahali pamoja badala ya manne, na mlango mmoja unalindika. Ila uthibitisho wa pili usipokuwepo, wapinzani wana haki, na mimi nitapiga kura upande wao.

Kilichonishawishi hasa ni watu wanaoondoka. Karani mmoja aliacha kazi kwa amani, tukamfungia uhasibu, tukasahau stoo. Miezi mitatu baadaye akaunti yake bado ilikuwa wazi. Hakuitumia, kwa uungwana wake tu.

Mdau wa Nyegezi:
Mkuu, hujagusa hoja ya mtandao. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa utambulisho wa Google ulikwama kwa takriban dakika 45, na dunia nzima watu wakashindwa kuingia kwenye barua pepe zao. Chanzo kilikuwa makosa ya kugawa nafasi ya hifadhi, basi. Halafu 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Siku kama hiyo, magari ya samaki yako getini na barafu inayeyuka, utamwambia dereva asubiri utambulisho?

Mleta mada:
Ndugu yangu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote. Lakini uhasibu wetu uko mtandaoni tayari. Intaneti ikikatika, hata uwe na nywila kumi hauingii. Kinachonitia wasiwasi ni mzani, kwa sababu unaendeshwa na seva iliyo humu humu kiwandani, na leo unafanya kazi hata bila mtandao. Tukiufunga kwa utambulisho ulio ng'ambo, tutakuwa tumeuharibu kwa mikono yetu. Mzani upewe mfumo wa utambulisho wa ndani. Keycloak ni programu huria ya utambulisho, haina ada ya leseni, na inakaa kwenye seva yako. Pia iwepo akaunti ya dharura isiyopita kwenye mfumo wa utambulisho kabisa, nywila yake kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya meneja, na ijaribiwe kila baada ya miezi michache.

Mdau wa Kirumba:
Bure kwa leseni, sawa. Na fundi wa kuitunza? Cheti cha kidijitali, kile kinachohakiki saini ya ujumbe, kikiisha muda usiku wa Jumamosi, au saa ya seva ikiwa nyuma, ujumbe unakataliwa na hakuna anayeingia. Na wauza programu wengi huduma hii ya kuingia mara moja wameiweka kwenye kifurushi cha bei ya juu.

Mleta mada:
Kuhusu bei nakuunga mkono kwa moyo wote. Kufuli si anasa, na kumtoza mfanyabiashara mdogo zaidi ili afunge mlango wake ni uonevu. Tuwabane tukiwa bado hatujasaini mkataba, maana baadaye hawasikii. Fundi naye awekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Tena kazi yake si vyeti tu: akimfungia aliyeondoka kwenye utambulisho, ahakikishe na programu zilizokuwa wazi zimemtoa, kwani si zote zinazofanya hivyo zenyewe.

Kwenye kikao kijacho nitapendekeza tuanze na uhasibu na mishahara, mzani uwe wa mwisho. Na hapo kuna jambo sijapata jibu lake. Kwetu simu haziruhusiwi kwenye eneo la kuchakata kwa sababu ya usafi, na wafanyakazi wamevaa glavu zenye maji kutwa. Uthibitisho wa pili wataufanyaje? Nimefikiria kadi ya kugusisha inayoning'inia shingoni. Aliyewahi kuitumia kwenye majimaji atuambie ilidumu muda gani.