Re: Kutuma video kubwa kwa mtu aliye mbali kwa gharama nafuu

Habari zenu humu ndani, na wazee wetu shikamooni.

Nimesoma majibu yote tangu dada alipouliza jinsi ya kumtumia mtu wa mbali video yake ndefu, na naona karibu kila mmoja anahesabu gharama za anayetuma. Naomba tuigeuze hesabu hiyo. Sisi tunaotuma, wengi wetu tuna intaneti ya nyumbani ya kulipia kwa mwezi. Upakie GB 2 au GB 20, bili ni ileile. Anayenunua bando ni yule anayepokea. Simu iliyojaa ni yake, na mtandao unaokatika ni wake. Kwa hiyo njia nafuu itafutwe upande wake kwanza, halafu sisi tujipange.

> Ni video ya saa tatu, nimerekodi kwa simu, kila nikituma inagoma.

Dada, lazima igome. iPhone, kwa mfano, ikirekodi 1080p (namba hii ni kipimo cha ukali wa picha, ikiwa kubwa picha ni kali zaidi) kwa picha 30 kwa sekunde katika mpangilio wake wa HEVC, yaani ile njia ya kubana video iitwayo pia H.265, hula takriban MB 60 kwa dakika. Ukiweka 4K, ambayo ni kali zaidi, ni MB 170 kwa dakika. Saa tatu ni karibu GB 11, au GB 30 ukirekodi kwa 4K. Gmail hubeba viambatisho visivyozidi MB 25, na hata hizo huzipati zote, maana faili likiingia kwenye barua pepe hubadilishwa kuwa herufi na kunenepa kwa theluthi moja. Barua pepe tuiache.

Sasa mtazame aliye upande wa pili. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mtu mwenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, tena isiyokatika hata mara moja, atapakua ile GB 11 kwa zaidi ya saa 12. Video hiyohiyo ikibanwa mpaka GB 2 na kidogo, ni saa mbili na nusu. Tofauti hiyo hailetwi na programu yoyote ya kutuma mafaili. Inaletwa na kubana kabla ya kutuma, na hapo ndipo ningependa tutumie nguvu zetu.

Kaka aliyependekeza zipu, yaani kulifunga faili kwenye kifurushi ili lipungue, samahani, kwa video zipu haisaidii. Video ya simu imeshabanwa tayari wakati wa kurekodi. Ukiitia kwenye zipu inatoka na uzito uleule.

Tumia HandBrake. Ni programu ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Fungua video yako ndani yake, kwenye orodha ya mipangilio chagua "Fast 720p30", halafu nenda sehemu ya Video. Utaona kitelezi kimeandikwa RF. Namba ikipanda, faili linapungua na ubora unashuka. Ikishuka, faili linakua. Jaribu 23 au 24, tazama sura za watu na mikunjo ya nguo. Kama bado ziko safi, panda mpaka 26. Kwa mtu atakayetazama kwenye kioo cha simu, 720p inatosha kabisa. Ukitaka kujua uzito mapema badala ya kubahatisha, acha RF, weka kiwango cha wastani cha kilobiti 1,500 kwa sekunde: saa tatu zitakuwa kama GB 2.2 pamoja na sauti. Kompyuta ya zamani itachukua muda mrefu kuikamilisha, iache usiku.

Hapo utakutana na chaguo la H.264 au H.265, ambazo ni njia mbili za kubana video. H.265 ni mpya zaidi, ya mwaka 2013, na inaweza kukupa ubora uleule kwa karibu nusu ya uzito. Inavutia, lakini simu nyingi za zamani haziwezi kuichezesha vizuri: picha inakwama, sauti inatangulia, au kioo kinabaki cheusi. Kama hujui simu aliyonayo, baki na H.264. Hakuna faida ya kumpunguzia mtu MB halafu asione kitu.

> Nilituma kwa WhatsApp ikafika lakini imekuwa ukungu mtupu.

Hiyo ni kwa sababu ukiituma kama video, WhatsApp huibana yenyewe, tena kwa nguvu. Itume kama hati: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati badala ya picha na video, halafu lichague faili lako. Tangu 2022 njia hiyo inapokea mpaka GB 2 kwa faili moja, na linafika kama lilivyo. Telegram nayo ina kikomo cha GB 2 kwa wasiolipia, na uzuri wake ni kwamba faili hukaa kwenye seva zao, kwa hiyo ndugu wa pili na wa tatu unawapelekea bila kupakia upya.

Hata hivyo sitaki mtu atume GB 2 kwa mkupuo kwa sababu tu inaruhusiwa. Nimemwona mama yangu mdogo, siku nilipokuwa nyumbani, amekaa na simu mkononi akitazama kile kiduara cha kupakua kikizunguka. Kilifika karibu na mwisho, mtandao ukakata, kikaanza mwanzo. Bando lilikuwa limeshaliwa. Aliweka simu chini bila kusema neno, na aliyemtumia video hiyo hakujua kabisa kwamba haikufika. Wazee wetu hawatuambii mambo haya, wanajibu "asante mwanangu, nimeona".

Kwa hiyo kata vipande. HandBrake inakuruhusu kuchagua sekunde za kuanzia na za kuishia, ukapata vipande sita vya nusu saa, kila kimoja kama MB 370, na kila kimoja kinacheza peke yake. Vipe majina yenye namba na maana: "1 kuingia", "2 hotuba", na kadhalika. Mtandao ukikatika anapoteza kipande kimoja tu, na kama bando ni dogo anaanza na kile anachokitaka. Wapo watakaokushauri kugawa kwa 7-Zip. Programu ni nzuri, lakini vipande vyake havifunguki mpaka vyote viwe vimefika, na mama mdogo hataviunganisha. Hiyo waachie watu wa kompyuta kwa kompyuta. Hao hao wanaweza pia kutumia Syncthing, ambayo ni ya bure, inapeleka moja kwa moja bila kupitia hifadhi ya mtu mwingine na inaendelea pale ilipokatikia, ilimradi kompyuta zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja.

Na kabla hujatuma, mwombe mpokeaji azime ule mpangilio wa WhatsApp unaopakua mafaili bila yeye kubonyeza, anapotumia data ya simu. Bila hivyo video inaanza kushuka akiwa njiani, hajui, na bando linakwisha.

> Kwa nini tusiweke YouTube tu?

Swali zuri, na kwa baadhi ya mambo ndiyo njia ninayoipenda. Unapakia video ya ubora wote, unaiweka iwe ya wenye linki tu, na kila mtazamaji anachagua mwenyewe 240p au 720p kulingana na bando lake. Hajazi simu. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipandishi video inayozidi dakika 15, kwa hiyo thibitisha kwanza. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Anayerudia kutazama anakula data tena na tena, na video za familia hurudiwa sana; huyo ni bora apakue mara moja. Muziki uliopigwa kwenye sherehe unaweza kutambuliwa na mfumo wao, na video ikafungwa kwenye baadhi ya nchi. Na linki ikivuja, yeyote aliyeipata anatazama. Video yenye watoto au mgonjwa mimi siiweki hivyo. Iweke ya faragha na ualike watu kwa barua pepe zao, au itume kwa njia nyingine.

Google Drive inafaa pia, ila kumbuka zile GB 15 za bure zinagawanywa pamoja na Gmail na picha zako. Zikijaa, barua pepe zinaacha kuingia.

Mzee wetu aliyeuliza kuhusu kumpa msafiri video kwenye flashi, shikamoo, na wala wazo lako si la kizamani. Mwaka 2009 huko Afrika Kusini njiwa mmoja, Winston, alibeba kadi ya kumbukumbu yenye data ya GB 4 umbali wa kilomita 80 hivi, akafika huku intaneti ya ADSL, yaani ya waya wa simu, ikiwa imepeleka asilimia 4 tu ya data hiyo. Kwa nakala halisi, ile GB 30 ya 4K, mtu anayesafiri akiwa na kadi mfukoni bado ni njia bora kuliko zote nilizozitaja. Angalia jambo moja tu: kadi au flashi iliyoandaliwa (format) kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili la GB 4 au zaidi. Iandae kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi. Lakini kama itachomekwa kwenye televisheni ya zamani inayosoma FAT32 pekee, weka ile iliyobanwa ya GB 2.2, itaingia bila shida. Nakala nyingine ibaki kwako mpaka uambiwe imefika.

Dada, kwa usiku wa leo usianze na saa tatu zote. Kata dakika moja kwenye HandBrake, sekunde 0 mpaka 60, tuma kama hati, halafu piga simu na umuulize kama picha inakwenda na sauti inasikika. Usimuulize kama imefika. Muulize ameona nani amevaa nini. Akikujibu hilo, iachie kompyuta ibane iliyobaki mpaka asubuhi. Ikigoma, andika hapa aina ya simu yake, tutatafuta mpangilio unaoifaa.