Ushauri wa haraka: mjomba Dodgers, mpwa Blue Jays, na leo usiku ni mechi ya saba

Mama wa Scarborough

Wapendwa, naombeni ushauri kabla ya saa mbili usiku, saa za Toronto, mechi inapoanza.

Mwanangu yuko darasa la sita, kazaliwa hapa hapa, na ni shabiki kindakindaki wa Blue Jays, timu ya besiboli ya Toronto. Mdogo wangu wa kiume anaishi Los Angeles, Dodgers ya huko damu damu, na amekuja kwetu kuangalia mwisho wa fainali hizi za 2025 kati ya timu hizo mbili. Bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne, na sasa ni tatu kwa tatu. Mwanzoni utani wao ulikuwa mtamu. Mechi ya kwanza Addison Barger wetu alipoinuka benchi akaupeleka mpira jukwaani besi zote (vituo ambavyo mchezaji hupitia kabla ya kurudi nyumbani kufunga) zikiwa na watu, tukashinda 11-4, mtoto alimpigia mjomba wake simu ya video na kumchezea mbele ya kamera. Ile ya tatu iliyokwenda awamu 18 badala ya tisa za kawaida, Freddie Freeman wa Dodgers alipoimaliza, mjomba naye alilipiza kwa ujumbe mrefu wa sauti ambao mtoto aliukuta asubuhi akijiandaa kwenda shule. Wote tulicheka.

Jana ndipo mambo yalipoharibika. Tuko nyuma 3-1, awamu ya tisa, Barger kaupiga mpira ukaenda kunasa chini kabisa ya ukuta. Waamuzi wakasimamisha mchezo na mtu wetu aliyekuwa anakimbilia nyumbani akarudishwa besi ya tatu. Hata hivyo tulikuwa na watu besi ya pili na ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyetolewa. Nyumba nzima tumesimama. Mpigaji aliyefuata mpira wake ukadakwa, akatoka. Andrés Giménez wetu akapiga, Kiké Hernández wa Dodgers akaja mbio akaudaka, akautupa besi ya pili, na Barger alikuwa ameshaiacha besi yake. Wawili wametoka kwa pigo moja, jumla watatu, zamu yetu imekwisha na mechi imekwisha.

Mdogo wangu akaruka kwenye kochi akamwambia mtoto usoni kwamba amezaliwa kushindwa. Mtoto kajifungia chumbani, leo hata chai hajagusa. Baba yake anasema televisheni isiwashwe kabisa usiku huu. Mdogo wangu anasema huo ni utani wa mjomba na mpwa, mbona sisi tulilelewa hivyo. Nifanyeje?

Mnazi wa Msimbazi

Pole sana dada. Mimi Simba, shemeji zangu wote Yanga, siku ya dabi nyumba yetu haikaliki. Lakini tunataniana timu. Kipa wenu kadaka upepo, kocha wenu kalala, hayo ruksa. Kumwambia mtoto kazaliwa kushindwa hapo umeshaiacha timu, unamsema yeye. Mwambie mdogo wako hivyo hivyo, atakuelewa, ni mtu wa kwetu. Televisheni usizime. Huku Dar itakuwa saa tisa usiku na mimi nitaamka kuangalia, ingawa sheria za mchezo huu bado najifunza.

Mkenya wa Mississauga

Mama, usizime hiyo TV! Ubingwa wa mwisho wa Blue Jays ni 1993, Joe Carter alipomaliza kazi dhidi ya Philadelphia. Kuna watu wazima wenye watoto hapa Toronto ambao hawajawahi kuona kitu kama cha leo. Baba yake kama anawaza usingizi, mkumbushe leo usiku saa zinarudishwa nyuma na kesho ni Jumapili. Halafu mpe kijana moyo: Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Dodgers aliyetusumbua jana, alirusha mipira 96, mkono wake umechoka. Leo hatumwoni.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, mimi besiboli siijui, watoto ninawajua. Utani wa mjomba na mpwa upo, tena una heshima yake, na mjomba akizidisha huomba radhi. Usimlazimishe mtoto atoke. Mdogo wako agonge mlango, aingie, aseme "mpwa wangu nimekukosea", bila kuongeza "lakini". Kofia ya timu yake aivue kabla ya kuingia. Hayo yafanyike mchana, si dakika tano kabla ya mchezo.

Mkongomani wa Montréal

Jambo sana mama. Sisi huku timu yetu ya Expos ilihama mwaka 2004 ikaenda Washington, hatuna hata timu ya kututoa machozi tena. Mtoto wako ana bahati ya kuwa na timu ya kulilia. Mwambie Vladimir Guerrero Junior, nyota wa Blue Jays, alizaliwa hapa Montréal wakati baba yake akichezea Expos, kwa hiyo leo na sisi tuko nyuma yake.

Mzee wa Boston

Naongeza moja. Mwandae kwa matokeo yote mawili. Mwaka 2004 sisi wa Red Sox tulikuwa nyuma mechi 3-0 mbele ya Yankees wa New York, tukashinda nne mfululizo, tukaenda kuchukua ubingwa tuliousubiri miaka 86. Watu wengi wanaikumbuka hadithi hiyo, wanasahau kwamba mwaka mmoja kabla, 2003, Yankees hao hao walitutoa kwenye mechi ya saba, katika awamu ya 11. Kijana ajue mapema kwamba mechi ya saba inaweza kumpa mtu kidonda.

Mama wa Scarborough (Jumapili)

Mrejesho, wapendwa. Mdogo wangu aligonga mlango kama Shangazi alivyoelekeza. Sijui walisemezana nini, walitoka pamoja wakala wali. Baba yake akakubali televisheni iwashwe.

Nanyi mmeona yaliyotokea. Bo Bichette wetu anaupeleka jukwaani mpira uliorushwa na Shohei Ohtani wa Dodgers, tunaongoza 3-0. Awamu ya tisa tunaongoza 4-3, tunahitaji kuwatoa wawili tu, Miguel Rojas wa Dodgers anasawazisha. Zamu yetu besi zinajaa, Isiah Kiner-Falefa wetu anatolewa akifika nyumbani, kwa unywele tu. Na Yamamoto, ndugu yangu wa Mississauga, akaingia! Awamu ya 11 Will Smith wa Dodgers akaupeleka jukwaani, 5-4, kisha Alejandro Kirk wetu akapiga mpira uliotoa wawili wetu kwa mkupuo, mechi ikaisha. Saa sita usiku ilishapita.

Mtoto alilia sana. Mjomba hakushangilia, alikaa naye sakafuni akamweleza kwa nini Yamamoto, aliyerusha siku mbili mfululizo, amestahili tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Leo asubuhi kijana amesema anataka kujifunza kurusha. Anatumia mkono wa kushoto. Glavu nachaguaje?

Mkenya wa Mississauga

Yamamoto ameniumbua, nakubali. Mama, kwa anayerusha kwa kushoto, glavu huvaliwa mkono wa kulia, hakikisha dukani hawakupi ya kawaida. Tafuta iliyotumika, ngozi inakuwa imeshalainika na vidole vya mtoto vitaweza kuifunga. Kushoto ni mtaji mzuri kwa mrushaji, na besi ya kwanza pia inamfaa. Besi ya tatu asahau, akidaka pale lazima ageuze mwili mzima ndipo arushe kwenda ya kwanza. Usajili wa watoto ufuatilie mapema, kabla theluji haijayeyuka, nafasi huisha haraka.

Mnazi wa Msimbazi

Nimeangalia mpaka kumepambazuka. Dada, mwambie kijana Dar ana shabiki mmoja wa Blue Jays kuanzia leo.