Kuchora kwa mwanga: mwizi wangu haonekani, wanaomkimbiza ndio wanaoonekana

GizaTanga
Wakuu habari za usiku. Natengeneza picha dhahania kuhusu wizi, mistari ya mwanga tu bila sura za watu. Kamera ipo kwenye stendi, ISO 100 na f/11 (ili isipokee mwanga mwingi), shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, wazi sekunde 30. Tunapiga uchochoroni Ngamiani, hapa Tanga, umeme ukikatika. Mdogo wangu kavaa nguo nyeusi, anapita mbio na jiko la gesi begani, vijana wenye tochi wanamfuata.

Kwenye picha mdogo wangu hayupo kabisa! Mwenye nguo nyeusi akikimbia gizani haachi alama. Zimebaki tochi za wanaomkimbiza, mistari imesongamana kama uzi ulioshikana. Nimeitazama sana picha ile, inanitisha. Mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" anaweza kuchomwa na tairi kabla hajaulizwa hata jina lake. Lakini na mama aliyeamka akakuta jiko la kukaangia vitumbua halipo, naye ameumizwa kweli, sitaki kumsahau. Nifanyeje mwizi aache alama bila kumuonyesha sura?

Mzee wa Shata
Asimame tuli sekunde tatu, mwenzake apake mwanga ukutani nyuma yake. Ukuta utang'aa, yeye atatoka mweusi. Akishaondoka, pale usipamulike tena, utamfuta. Au mfungie balbu ndogo kidoleni. Frank Gilbreth wa Marekani aliwafunga wafanyakazi taa mikononi miaka ya 1910 ili aone mwendo wa kazi zao. Wewe utaona mkono wa mwizi ulipopita.

BintiPangani
Hapo kwenye mkono ndipo penyewe. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, mwaka wa njaa kuu kule Hijazi, Uarabuni, alisimamisha hukumu ya kukata mkono wa mwizi. Kwa hiyo mkono peke yake hautoshi, tuonyeshe umechukua nini na kwa nini. Piga picha mbili, balbu ileile: mkono unaoingia kwenye gunia la unga, na mkono unaotia saini hundi ya fedha za zahanati. Huyu wa pili hakimbizwi na mtu. Picha yake itakuwa na mstari mmoja, safi, mzuri kuutazama. Mimi huo uzuri ndio ungenikera, na ndivyo inavyotakiwa.

GizaTanga
Shikamoo Mzee, nashukuru. Dada, umenifungua. Ya kalamu naipiga kwanza, mezani, na rangi ya taa sibadilishi. Nikimpa mwenye unga nyekundu nitakuwa nimeshamhukumu. Ile ya tochi pia naiacha kwenye mfululizo kama ilivyotoka. Sasa, balbu za kukaa kidoleni zenye betri ya saa, hapa Tanga nazipata duka gani? Za mapambo ya harusi nilizoziona zinawaka na kuzima, mstari unakatikakatika.